Picha Nzito ya Kifua cha Baba

Juzi pale Geita nilimwona dada mmoja akiwa amekaa juu ya bodaboda akituma video, ikafika kabla pikipiki haijawashwa. Nikaikumbuka alasiri moja ya utoto wangu kule Kahama, kwenye chumba cha intaneti kilichonuka vumbi na wino wa printa.

Baba, mchimbaji wa dhahabu, alikuwa amelazwa katika hospitali ya pale mjini akipumua kwa shida. Daktari wa Mwanza alitaka kuona picha zake tatu za eksirei kabla ya kutoka kazini saa kumi. Dada Neema, mwenye chumba, alituma moja kwanza ili kuipima laini ya simu, macho kwenye saa ya ukutani.

"Mama Minza," alimwambia mama yangu, "hii imechukua dakika kumi na mbili. Laini haina kasi, na picha ni nzito. Muda uliobaki unatosha moja tu."

Nilidhani uzito ule ni vumbi la mgodini lililojaa kifuani mwa Baba.

"Tuma ya ubavu wa kushoto," Mama alisema. "Ndiko anakoumia."

Mstari wa kijani ulitambaa polepole kwenye kioo cha kompyuta. Mama alinibana mkono hadi ukauma. Picha ilipofika, simu ya Mama ikaita.

"Mleteni leo hii," daktari alisema.

Tulikimbia hadi hospitali, na usiku ule ule Baba akafikishwa Mwanza kutibiwa. Baba aliishi hadi akaniona nikiolewa.