Siku Niliyomwambia Tomi Akae

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha si nzuri, na sitadai kwamba ilikuwa nzuri hata zamani. Inachoma pua, kisha inaacha utamu fulani kooni. Lakini kila ninapokutana nayo narudi moja kwa moja kwenye uwanja wa nyumba yetu, juu kidogo ya Maji ya Chai, mwezi wa saba, ukungu wa Mlima Meru umekalia migomba mpaka saa nne asubuhi, na mbwa wetu Tomi amejikunja kando ya lundo la maganda kwa sababu lilikuwa na joto kuliko mahali pengine popote pale nyumbani.

Nilikuwa na miaka kumi na shule zilikuwa zimefungwa. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha mashine ya kumenyea kahawa na, nilipochoka, kumfundisha Tomi. Hakuna aliyenituma. Mbwa wa kijijini kwetu hakufundishwa kitu. Alizaliwa akijua kubweka, na hiyo ilitosha. Ila mimi nilikuwa nimetoka kung'olewa jino huku watu wazima wawili wamenishikilia, nikaona si haki niteseke peke yangu. Basi kila asubuhi nilichukua ukoko wa ugali, nikamwambia "Kaa," kisha "Tulia," nikamfungua mdomo na kumhesabu meno. Wiki ya kwanza aliniona sina akili. Kufika wiki ya tatu alikuwa anakaa kabla sijamaliza neno, anafumba macho, anangoja ukaguzi uishe ale ukoko wake. Mama alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Mbwa ni wa kulinda," alisema, "wewe unamfanya mwanafunzi."

Jumapili moja jirani yetu, Baba Eliakunda, alikuwa na ubatizo wa mtoto wake. Mbuzi alichinjwa, na mbwa wote wa kitongoji walihudhuria bila kualikwa. Mchana, tuliporudi nyumbani pamoja na Baba Eliakunda aliyekuwa akitusindikiza, tulimkuta Tomi katikati ya uwanja. Mdomo ulikuwa wazi na haufungi. Mate yalimtiririka mpaka kifuani, naye alijikwangua uso kwa miguu ya mbele huku akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Baba Eliakunda alirudi nyuma hatua tatu. "Hicho ni kichaa! Ingizeni watoto ndani!"

Hakuna aliyembishia. Kichaa cha mbwa kwetu hakikuwa hadithi. Kila mtu alijua kwamba dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tena dawa. Baba alimtenga Tomi kwa kumfungia ndani ya ua wa mbuzi, uliokuwa mtupu kwa kuwa mbuzi walikuwa malishoni, akaenda ghalani na kutoka na mpini wa jembe. Nilijua wa kazi gani. Nililia, nikamwambia Tomi amekula mfupa tu. Baba aliniuliza taratibu, "Umemwona akiula?" Nilitamani sana kudanganya. "Sijamwona, baba." Alimtazama Tomi, akatutazama sisi watoto, akaushika mpini vizuri. Nilimchukia siku ile. Leo nina watoto, na simchukii hata kidogo.

Mama ndiye aliyesema, "Ngoja kwanza," akampigia simu afisa mifugo wa kata, mwanamke mnene mwenye pikipiki ambaye wote tulimwita Mama Mifugo. Alipofika hakusogelea ua. Aliuliza, "Amechanjwa?" Mama aliingia ndani, akaleta kitabu cha nyimbo za kanisani. Humo, katikati ya kadi zetu za kliniki, ilikuwemo kadi ya Tomi, ya miezi mitatu iliyopita. Mama Mifugo aliisoma mara mbili. "Hii inanipa moyo, lakini mkono wangu siutoi sadaka. Nani anamlisha huyu?" Walinisukuma mbele. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo nje ya ua, usiingie. Mwite."

Nilisema, "Tomi, kaa." Sauti ilikatika. Tomi alizunguka mara moja, mate yakiruka, nikasikia Baba Eliakunda akiokota jiwe. Nikarudia kwa nguvu: "Kaa." Akakaa. "Tulia." Akafumba macho.

Mama Mifugo aliingia na glavu nene, akamfunga kamba, akamwekea kijiti mdomoni, akamulika kwa tochi. Kipande cha ubavu wa mbuzi kilikuwa kimekwama kwenye kaakaa, kimebanwa na meno ya pande zote mbili. Alikitoa kwa koleo. Tomi akafunga mdomo, akaufungua, akaufunga tena, kisha akanitazama akidai ukoko. "Angehangaika, nisingemgusa," Mama Mifugo alisema akinawa kwa sabuni, halafu akatugeukia wote na kutugombeza: mbwa asipewe mifupa ya mbuzi, mtu asiingize mkono kwenye mdomo wa namna ile, na aking'atwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kisha akimbilie hospitali. Baba alirudisha mpini ghalani. Alipopita karibu yangu alisema, "Sasa mfundishe na beberu wangu."

Siku hizi naishi mjini, Kimandolu, nyumba yenye geti, na mbwa mkubwa mweusi anayeitwa Jeki. Anakula vizuri kuliko Tomi alivyowahi kuota, chanjo zake hazipitilizi hata wiki, na namba ya daktari wake imo kwenye simu yangu. Anashinda bandani mchana kutwa, na jioni hufunguliwa alinde. Jioni moja wiki iliyopita alitoka nyuma ya nyumba akiwa na povu mdomoni. Niliwafungia watoto ndani, nikapiga simu, nikasimama nyuma ya mlango wa wavu. Alikuwa ametafuna kipande cha sabuni ya kufulia, basi. Lakini daktari alipofika aliniuliza kwa nini nimeshika mpini wa fagio, nami sikuwa na habari kwamba nimeushika.

Jana nilipika ugali kwenye sufuria ya zamani, ile inayoshika, nikakwangua ukoko. Nilimwambia Jeki, "Kaa." Alibaki amesimama, akiukodolea macho mkono wangu. Leo asubuhi nimemwambia tena.