Neno Baada ya "Salama"

Kuna asubuhi moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, mpaka leo nashika kichwa. Hebu vuta hicho kiti uketi, na hiyo simu uiweke kando kidogo, haitakimbia. Ulipoingia nilikuuliza habari ukanijibu "poa, shosho," maana kwenu kila mama mtu mzima ni bibi, kisha macho yakarudi kwenye kioo. Nimeambiwa wamekufanya admini wa grupu la vijana wa kanisa, na nimekuona unavyochapa sheria kwa vidole viwili: hakuna hiki, hakuna kile, atakayekosa atatolewa. Sikucheki. Nilikuwa nimekaa nyuma yako nikijiona mwenyewe. Usidhani mambo haya yameanza na wewe kwa sababu mimi nina mvi. Nilikuwa admini wakati mama yako bado anakubeba mgongoni.

Siku hizo nilikuwa na miaka thelathini na minne. Serikali ilikuwa bado inanihesabu kijana, nami sikuwa na haraka ya kuirekebisha. Nilikuwa na cherehani mbili hapa Kitengela, nashona sare za shule. Simu yangu niliiegemeza kwenye kopo la vifungo ili niisome huku mguu unakanyaga. Hiyo simu, Mungu anisamehe, niliitazama kuliko nilivyomtazama mume wangu, Baba Ciku, na yeye alikuwa mtu wa kutazamika.

Grupu letu tuliliita Chai ya Saa Nne. Tulikuwa watu arobaini hivi, wa Kitengela, wa Tuala, wa Kajiado mjini, hadi Rombo kule mpakani. Wengi tulikuwa tumejuana majina tu, kwa kutumiana salamu redioni, mpaka mmoja wetu akasema jamani tuhamie kwenye simu. Kazi yetu ilikuwa moja. Ikifika saa nne asubuhi kila mtu anapiga picha ya kikombe chake, anasema anakunywa nini, na porojo zinaanza. Huyu ana chai na viazi vitamu, yule maziwa yamemwagika amebaki na strungi, mwingine hana hata chai lakini hawezi kukosa kuchangia. Tulichekana hadi wateja wangu wakaniuliza kama ni wazima hao watu ninaocheka nao.

Kati yao nataka uwajue wawili tu. Wa kwanza ni Halima. Alikuwa na duka la vitambaa Kajiado mjini, watu wao wametoka kaskazini mashariki. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kwa utani, na mimi aliniita "abaayo," yaani dada kwa lugha ya kwao. Miaka miwili tulikuwa tukiongea kila siku ya Mungu, na hatukuwa tumeonana hata mara moja. Nilimwita rafiki yangu wa damu. Sijui damu hiyo ilikuwa inapitia wapi.

Wa pili ni Mzee Lemayian, mfugaji wa Rombo. Huyo hakuandika, alituma sauti. Na sauti yake, ai! Dakika tatu nzima za kusalimia. Anaanza na "Sopa," anauliza habari zako, anauliza za nyumbani, za watoto, za mbuzi, anauliza kama kumenyesha. Ukidhani amemaliza, anarudi kukuuliza habari zako upya, kana kwamba hukumjibu. Mimi niliona anatumalizia bando. Siku moja nikaandika sheria, kama hizo zako: salamu ziwe fupi, shida ziachwe nyumbani, hapa ni mahali pa kucheka. Nikamgeukia yeye kwa jina. "Mzee wangu, hii si redio. Hapa ukisalimiwa unabonyeza kidole gumba, imeisha hiyo."

Watu walicheka. Mzee akatuma sauti fupi kuliko zote alizowahi kutuma. "Sawa, nakerai. Nimesikia." Nakerai ni kama kusema binti yangu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kidole gumba kimoja kutoka Rombo. Nikajiona nimeweka nyumba sawa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini mimi nilikuwa nimeshinda mlangoni nikiupiga rangi.

Sasa ndiyo hiyo asubuhi ninayokuambia. Ilikuwa Alhamisi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mimi nilikuwa na rundo la makola ya kumaliza. Saa nne ikafika, picha zikaanza kuingia. Halima hakuweka picha. Aliandika maneno machache tu: "Salama. Ila leo chai imenishinda."

Nilisoma kwa jicho moja, la pili liko kwenye sindano. Vidole vikajibu kabla ya kichwa. "Chai imekushinda? Kumbe umezeeka hivyo! Wana-Chai, nani ako na uji wa mtoto tumpelekee Halima?"

Basi. Vicheko vilimwagika. Mmoja akasema uji uchujwe, mwingine akasema tusisahau chupa ya kunyonyea, mwingine akatuma picha ya bibu ya mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nachochea moto, kila ukipoa naongeza kuni. Tulimcheka Halima mpaka saa za chakula cha mchana. Yeye hakujibu. Jioni nikaona kale kamstari kadogo ka kijivu kanachosema Halima ameondoka kwenye grupu.

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika! Mimi! Nikamwambia Baba Ciku huyu mwanamke ana kiburi, utani anaujua akiutoa, akiupokea unamchoma. Baba Ciku alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Mpigie." Nikasema nimpigie ya nini, aliyetoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, Jumapili nikaimba kanisani kwa sauti kubwa.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Mzee Lemayian, naye hakuwa amewahi kunipigia hata siku moja.

"Sopa, Mama Ciku."

"Ipa, mzee. Leo umenikumbuka? Uko wapi?"

"Niko Kajiado. Niko hapa kwa Halima."

Nikadhani nimesikia vibaya. Kutoka Rombo hadi Kajiado mjini ni safari ya kubadilisha magari na kula vumbi siku nzima, na huyu mzee goti lilimsumbua kiasi kwamba hata kwenda kwa jirani alilalamika. Nikamuuliza amefuata nini huko.

"Mama yake alikufa," akasema. "Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi wakamzika. Nyinyi mkiwa kwa chai, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini."

Mguu wangu ulitoka kwenye cherehani wenyewe. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe alikuambia?"

"Hakuniambia mimi. Aliwaambia nyinyi wote. Alisema salama, halafu akasema ila. Mimi nikangoja mtu amuulize hiyo ila ni ya nini. Nikangoja. Mkaleta uji. Kuuliza nilikuwa nimekatazwa, na hapo na mimi nilikosa, kwa sababu mzee hakatazwi kuuliza habari. Ijumaa nikampigia. Jumapili nikapanda gari."

Akaendelea polepole, bila kupandisha sauti, na mwanangu, afadhali angenipigia kelele.

"Nakerai, kwetu mtu akiulizwa habari anasema ni mzima, hata kama ng'ombe wote wamelala chini. Hiyo ni heshima. Hutaki kumtupia mwenzako msiba mlangoni. Lakini yule aliuliza naye ako na kazi yake. Anauliza tena. Anauliza ya watoto, anauliza ya mbuzi, anapeana nafasi mpaka ile maneno itoke yenyewe. Wewe ulichukua salamu ukaikata miguu, sasa unashangaa haijafika?" Nikasikia anahema. "Mimi nimetoka Rombo na goti mbaya. Wewe uko hapo Kitengela. Nani alikuwa karibu na huyu mtoto?"

Nililia pale pale juu ya sare za watoto wa watu. Nililia kwa aibu, na kwa uchungu wa kujua kwamba mtu aliyeniita dada alikuwa amefiwa na mama, nami nikamkusanyia watu wa kumcheka. Kisha nikashika simu nianze kuandika msamaha mrefu kwenye grupu, na machozi ya kuchora, unayajua. Baba Ciku, aliyekuja aliposikia kilio, akauweka mkono wake juu ya kioo. "Hata sasa bado unataka kukaa hapa?" akaniuliza. Nikafunga duka. Nikanunua majani ya chai na sukari, kwa sababu kwenye msiba huendi mikono mitupu, nikaenda Kajiado.

Duka nilionyeshwa, halikuwa na maajabu. Milango ya mbele ilikuwa imefungwa, na ukizunguka nyuma ndipo kwenye nyumba. Mzee Lemayian alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, goti amelinyoosha. Hatukuwa tumeonana maishani, lakini tulijuana. Nikainamisha kichwa, akaugusa utosi wangu, kisha akanionyesha mlango kwa fimbo yake.

Halima alikuwa amekaa mkekani. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, na macho yamevimba. Nilikuwa nimebeba hotuba nzima kifuani kutoka Kitengela, na yote ikayeyuka. Nikaketi chini karibu naye.

"Habari, Halima?"

Aliijua sauti yangu. Aliangalia ukuta. "Salama," akasema.

Ningekuwa mtu wa juzi ningerukia hapo hapo kujieleza. Sikujieleza. Nikauliza, "Za nyumbani?" Akasema salama. "Watoto?" Akasema wazima. Nikangoja, na kungoja huko, mwanangu, ni kazi ngumu kuliko kushona koti. Ndipo nikauliza, "Na mama, ilikuwaje?"

Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Miaka sita alikuwa kitandani," akasema. "Kila siku nikiamka nachemsha chai yake kwanza. Ile kikombe mlikuwa mnaona kwa picha ni yake, abaayo, si yangu. Yangu nilikuwa nakunywa baadaye ikiwa imepoa. Alhamisi wanaume wakaenda kuzika. Mimi nikaingia jikoni, mkono ukachemsha tu kwa mazoea. Nikamimina. Nikabeba mpaka kwa kitanda yake, wallahi, nikasimama hapo na kikombe kwa mkono."

Akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ikafika saa nne. Nikasema wacha niambie watu wangu. Nikaandika nusu, nikashindwa. Nikasema mtu mmoja ataniuliza hiyo nusu ingine. Mkaniletea uji."

Nilimwomba msamaha. Sikutafuta maneno mazuri, nilisema nimekukosea, Halima, nisamehe. Unafikiri alinikumbatia? Aliniambia, "Kusamehe nitasamehe, lakini si leo. Leo kunywa chai." Akainuka, akachemsha yale majani niliyoleta, akamimina vikombe vitatu, kimoja akampelekea mzee nje. Tulikunywa bila picha. Akaniambia mambo ya mama yake mpaka jua likaelekea kutua, na mimi nikauliza, nikauliza tena.

Alinisamehe baadaye, kwa wakati wake. Siku aliporudi kwenye grupu nilifuta zile sheria zangu zote, na sauti ya dakika tatu ikatufikia tena kutoka Rombo. Hakuna aliyelalamikia bando. Mzee Lemayian sasa amelala, Mungu amrehemu, lakini katika Chai ya Saa Nne mpaka leo mtu akisema "salama," lazima mmoja amuulize, "Ila?" Mara nyingi hakuna kitu, tunacheka tunaendelea. Mara moja moja kitu kipo.

Basi mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Cheka na wenzako, porojo ni dawa, mimi nimekula chumvi nyingi na bado nazipenda. Sheria zako weka, mradi usiweke ya kumzuia mtu kuulizwa hali yake. Mtu akikupa neno la kwanza, jua hilo ni la heshima tu, usiondoke nalo ukadhani umemjua. Rudi umuulize. Ukiona mtu anayechangamsha wenzake kila siku amebadilisha desturi yake, utani uweke mfukoni kwanza. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usiombe msamaha ukiwa umekaa mbali wakati miguu unayo.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe marafiki wa kukuuliza mara ya pili na ya tatu, akupe na wewe masikio ya kungoja jibu. Njia yako iwe nyeupe, na kikombe chako kisikose wa kukinywa nawe.

Haya. Sasa ulipoingia nilikuuliza habari, ukasema poa. Nakuuliza tena. Habari yako? Usiniangalie hivyo, mimi sina haraka, na chai bado iko jikoni.