Mkono wa Mtu wa Kuja

Mwalimu Raheli alijifunza chuoni kwamba mtu mmoja akikataa hadharani, umati hulegea. Alihamia kijijini kwetu, jirani na Msimbati, akiiamini nadharia hiyo kama dawa.

Mkutano wa kumfukuza Bi Tatu kwa uchawi ulipoitishwa, mikono yote ilipanda isipokuwa wake. Nadharia haikumdanganya: jirani yetu Sudi alishusha wake, wanawake wa nyuma wakafuata.

Mwenyekiti akatabasamu. “Mwalimu, wewe mtu wa kuja. Mkono wako hapa hauhesabiwi.”

Mikono ikarudi juu. Kitabu cha chuoni cha Raheli kiliwajua watu, ila mtu wa kuja hakikumjua.

“Sasa,” mwenyekiti akauliza kwa upole, “anayemtetea mchawi, naye tumwiteje?”

Tulimgeukia Raheli, na mikono hatukuishusha.