Nilivyomkimbia mtoza kodi ya intaneti

TANGAZO KWA UMMA: simu yangu imepatikana salama ndani ya kihenge, imejaa vumbi la ulezi.

Asubuhi redio ilisema serikali inafikiria kutoza kodi ya intaneti.

Mchana, hapa kijijini Mollo, mgeni mwenye mkoba akashuka kwenye pikipiki langoni kwangu.

Jamani, mimi nimekua nikimwona baba akiwakimbia watoza kodi ya kichwa. Damu ikakumbuka! Simu nikaitupa kihengeni, mimi na kitambi changu tukazama kwenye mahindi.

Mara nikamsikia mke wangu: "Baba Neema, toka huko! Ni bwana mifugo, kaja kuchanja ng'ombe!"

Nikatoka na majani kichwani.

"Shikamoo mzee," akasema bwana mifugo. "Pole na palizi."

Haya, chekeni.

Ila ukweli wenyewe ni huu. Nikiwa nimejificha kule shambani, simu iliita kihengeni. Alikuwa Neema, binti yangu anayeishi ng'ambo. Mwanawe sijawahi kumbeba, namwona kwenye simu tu. Kodi ikija, kifurushi sitakimudu.

Hata sasa sijatulia.

Nyie mnasemaje, watutoze?