Mitaro ya Baba Kwenye Udongo Mweusi

Ukisimama nyuma ya jikoni yangu hapa Kitengela siku ya mvua, utaona maji yamejipanga mistari mitatu iliyonyooka. Wageni hudhani bomba la maji taka limepasuka. Hiyo ni kazi ya baba. Ametutoka mwaka wa nne sasa, na kila msimu mistari hiyo huniharibia viatu, lakini sijapata moyo wa kuifukia sawasawa.

Alikuja kwangu miezi michache baada ya kumzika mama kule Makueni. Hakuja kwa kupenda, nilimleta. Nilikuwa nimemkuta nyumbani amekonda, sufuria moja tu ndiyo inayotumika, kuku wanalala sebuleni, naye haoni ajabu yoyote. Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Mombasa, alitaka tumwache baba pale pale Makueni na tumtafutie mtu wa kumpikia. Nilikataa kwa hasira iliyonishangaza hata mimi. Mwishowe tukapatana hivi: baba akae kwangu mvua moja. Mvua ikiisha na bado hajatulia, kaka atakuja kumrudisha Makueni, na mimi nitanyamaza.

Kunyamaza hakujawahi kuwa kipaji changu, kwa hiyo nilijua lazima nishinde.

Wiki za kwanza alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama malori ya mchanga yakipita. Alikula nusu sahani na kurudisha nusu. Nikimuuliza anataka nini, jibu lilikuwa lile lile, "Niko sawa, mwaitu." Mwaitu kwetu ni mama. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mamake. Nikawaza, huyu mtu amelima maisha yake yote, mpe mahali pa kulima.

Mahali penyewe palikuwa ile nafasi kati ya jikoni na ua: nyasi kavu, mifuko ya simiti, na udongo mweusi uliopasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Pesa zote zilikuwa zimeishia kwenye mabati, hata lango lilikuwa la kuazima, hivyo bustani ingejengwa kwa vitu vya bure au isijengwe. Nilikuwa nashona nguo katika kiwanda kimoja Athi River, nikaanza kurudi na mabaki ya vitambaa ya kufungia nyanya. Fundi wa rangi wa mtaani alinipa ndoo tupu. Mbegu niliomba kwa wanawake wenzangu kazini, kila mmoja akaniletea kidogo ndani ya karatasi.

"Nimechoka kununua sukuma," nilimwambia baba. "Nilimie."

Ulikuwa uongo kidogo. Nilitaka ale.

Alizunguka ile nafasi mara mbili, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa ukali, "Mtaro uko wapi?"

Sasa, kwetu Makueni shamba liko mlimani, na mvua isipozuiliwa hushuka na udongo wote mpaka mtoni. Mtu huchimba mtaro kabla hajajenga choo. Asiye na mitaro huhesabiwa mvivu, na wazazi humficha binti yao akipita. Lakini Kitengela ni tambarare. Ukiangusha mpira hapa, utaukuta hapo hapo jioni.

"Baba, hapa maji hayaendi popote," nilisema.

"Maji huenda," akanijibu, akachukua sururu.

Alichimba wiki tatu. Mitaro mitatu mirefu, imenyooka kwa kamba, udongo umetupwa upande mmoja kama inavyotakiwa. Majirani walisimama kuuliza kama hatimaye tunaunganishiwa maji. Nilijua anakosea, na ningeweza kumzuia. Ila jioni ya kwanza alimaliza sahani, ya pili akaongeza, na wiki ya pili nilimsikia akipiga mluzi bafuni. Nikamwacha achimbe. Angetaka kuchimba hadi Bisil, ningemletea chai njiani.

Alipanda sukuma na nyanya ndani ya mitaro, mahali ambapo kwetu unyevu hukaa. Kisha mvua ikanyesha, na udongo mweusi ukafanya kazi yake. Ukafura, ukaziba nyufa zote, ukakataa kumeza hata tone. Mitaro ikajaa mpaka juu. Baada ya siku kumi sukuma ilikuwa imegeuka manjano, na nyanya ukizigusa zinatoka na mizizi iliyooza. Vyura wakahamia. Bata wa jirani wa nyuma walikuja kuogelea asubuhi na kurudi kwao wameshiba.

Baba alisimama mlangoni akiwatazama wale bata kwa muda mrefu.

"Mpigie kaka yako," alisema. "Mwambie aje."

Nilimwambia netiweki imepotea. Ilipotea siku nne.

Siku ya nne akaja koko, mama mzee wa Kimaasai anayekaa ng'ambo ya ua wetu. Hilo, yaani bibi, ndilo jina wajukuu wake walilomwita, na mtaa mzima tukaliiga. Ploti zetu zote zilikuwa malisho ya mume wake zamani, kabla hayajakatwa na kuuzwa. Alikuwa anatafuta mwanambuzi aliyepotea.

"Sopa, mzee."

"Mzuri," akajibu baba. Hakuwahi kujifunza jibu lake, na koko hakuwahi kuchoka kumsalimia.

Koko akaiona mitaro. Akainama, akashika magoti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Mzee, siku hizi unachunga vyura?"

Baba hakuwa mtu wa kuchekwa na jirani, sembuse mwanamke. Akamtazama, akatazama vyura, kisha akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu mama augue, nikakaa kwenye ndoo nikisikiliza.

"Hii mchanga ikishakunywa inafura, haiachilii maji," koko alimwambia. "Usiipee shimo. Panda juu, juu kabisa." Akaelekeza fimbo yake upande wake wa ua, kwenye kipande kilichokuwa kijani kuliko kila kitu kingine. "Pale ndama zetu zilikuwa zinalala. Miaka mingi. Chimba pale, ubebe."

Baba akauliza atamlipa nini.

"Pesa hapana. Ukivuna mahindi, mabua ni ya ng'ombe yangu. Na unilimie na mimi kidogo. Mimi jembe sijui. Baba yangu alikuwa anasema ardhi si ya kukatwa."

"Mabua tu?"

"Na kulima. Umesikia kulima?"

Alisikia. Kesho yake aliazima mkokoteni, akaanza kuleta ile mbolea ya zamani, nyeusi, kavu, isiyo na harufu tena. Ule udongo aliokuwa ametupa kando ya mitaro akauchanganya nayo pamoja na majivu ya jikoni, akainua matuta yaliyofika magotini. Sukuma ikaenda kwenye magunia, dania na vitunguu kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi na huchoma miche, kwa hiyo tulikinga ya mvua kwenye pipa, na ya kuosha vyombo hayakumwagwa ovyo tena. Ole wako umwage. Nyanya zilifungwa kwa vitambaa vya maua vya magauni ya wanawake nisiowajua. Zilipendeza kuliko mimi.

Hizo Jumamosi ndizo ninazozikumbuka zaidi, na ndizo ninazozitamani. Baba upande huu wa ua, koko upande wa pili juu ya kigoda na kopo lake la ugoro, wakibishana kuhusu mvua kwa Kiswahili ambacho hakuna kati yao aliyekimiliki. Mimi nilifua nguo katikati yao bila kuongea. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa naijua wakati ule ule, jambo ambalo halinitokei sana.

Mvua ikaisha, na kaka akaja na gari kama tulivyopatana. Alizungushwa bustani yote mpaka suruali ikachafuka. Alikula sukuma, akaomba tena. Nilimwona akimtazama baba mashavuni. Hata hivyo alikuwa amekuja kutimiza neno lake, akauliza, "Baba, tunaenda ama?"

Baba aliinuka. Alienda nyuma ya pipa, akarudi na pakiti mbili za maziwa zilizojaa ile mbolea, kila moja na kijiti cha bogenvilia kilichoanza kuchipua. Sikuwahi kujua kwamba anavyo.

"Hizi ni za mama yenu," alisema. "Moja umpandie pale kaburini upande wa kichwa, moja miguuni. Umwambie ni mimi nimetuma."

"Nimwambie?" kaka akauliza.

"Umwambie, na uongee kwa sauti, si rohoni. Mwambie sijamwacha. Mwambie nataka kukaa hapa kwa mtoto kidogo, nitakuja. Kama amekasirika, najua atanionyesha."

Kaka alizipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani za kuosha, mshindi. Miezi yote ile nilidhani navutana na kaka yangu juu ya baba. Kumbe niliyekuwa namnyang'anya ni mama, na baba alilijua hilo tangu siku ya kwanza, wala hakuwahi kuniambia.