Njia ya Ng'ombe katika Ramani ya Kadija

Kadija huchora nchi ambazo hazipo, na mimi, Agnès, fundi cherehani wa mtaa wa Kimanga, ndiye ninayempa karatasi. Ni yale makaratasi ya kaki ninayokatia patroni za nguo. Upande mmoja vipimo vya gauni la mtu, upande wa pili milima na mito ya Ndalika, nchi aliyoijenga kwa miaka minne, misitu yake kaipaka hina iliyobaki kwenye harusi ya dada yake. Kila Jumamosi mchana yeye na wenzake hukaa katika chumba changu cha nyuma kuichezea. Kila mchezaji ni mtu fulani wa Ndalika, Kadija anasimulia yanayowakuta, na dadu huamua nani atavuka mto na nani atazama. Mwanzoni niliwacheka, watu wazima wenye ndevu wanagombania daraja la penseli. Siku hizi nisipojua yaliyompata Malkia wa Chumvi, hata mshono haunyooki.

Babu zake Kadija walikuja na biashara ya ziwani. Franck analima Lubarika. Tumaini ni wa Rurambo, kwao wafugaji. Huku kwetu wakulima na wafugaji wana ugomvi wa siku nyingi, na wako wanaokasirika kuwaona hao watatu meza moja, nami nasema wakasirike mpaka wachoke.

Kosa lilikuwa moja tu. Kadija alitaka njia ya kushusha msafara kutoka milimani hadi uwandani, akamwuliza Tumaini jinsi wanavyoshusha ng'ombe wakati wa kiangazi. Tumaini akamweleza yote: pa kunyweshea, pa kulala, bonde lisiloonekana kutoka barabarani. Kadija akachora vilevile alivyosikia. Katika nchi nzima ya uongo, njia hiyo peke yake ilikuwa ya kweli.

Alhamisi asubuhi, Kadija akiwa kwangu, akaingia bwana mmoja mwenye koti. Alisema ametoka ofisini, ila hakusema ofisi gani. Alikuwa amesikia habari za karte, yaani ramani ya Kadija. Akaikunjua juu ya meza yangu, akaigeuza, akakuta patroni ya gauni la harusi la Divine, mteja wangu.

"Na hii mistari ya kupinda? Iko mitaro?"

"Iko mukono wa robe," nikamjibu. "Wa kushoto."

Hakucheka. Akaigeuza tena, akapitisha kidole milimani taratibu, kikasimama kwenye njia ile. Bila shaka aliwahi kuipita, maana aliitambua.

"Dada, hii njia iko ya kweli, na weye haujafikaka kule. Nani alikuonyesha?" akamwuliza Kadija.

"Ni minye nilichora."

"Sikuulize nani alichora. Niambie jina, nakuachia karte yako. Ukikatala, naenda nayo."

Niliogopa, sitaficha. Jina la Tumaini likitamkwa mbele ya mtu kama yule, anayeona njia ya siri akadhani ni ya waasi, Tumaini halali kwake siku hiyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata, yaani Kadija, ilikuwa imesimama mbele yangu inaitazama miaka yake minne mezani.

Kadija akaikunja ramani vizuri, akampa kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni chakula.

"Beba, papa. Jina, sitakupatia. Hata ukirudi kesho, sitakupatia."

Yule bwana akaondoka na Ndalika yote, pamoja na gauni la Divine, ambalo ilinibidi nilipime upya. Nilimlaani hadi adhuhuri. Kadija alikaa kwenye kiti changu akalia, kisha akaninyang'anya kitambaa nilichokuwa nashona akajifutia uso.

Jumamosi walikuja wote. Tumaini alikuwa ameshaambiwa kila kitu, akaja hivyohivyo. Kadija akachukua chaki yangu ya kutia alama vitambaa, akapiga magoti, akaanza kuichora Ndalika upya kwenye saruji. Franck akamkumbusha mito. Milima ikarudi, daraja likarudi. Alipofika kwenye njia ile akaacha pengo, akaendelea mbele.

Tumaini akalitazama pengo, akanyoosha mkono kuomba chaki. Akaichora njia yote, kisima kwa kisima, kutoka mlimani hadi uwandani, na mwisho wake akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Kadija akalifuta jina kwa kiganja. Njia akaiacha. Kisha akamwekea dadu mkononi.

"Tupa," akamwambia. "Ngombe zako ziko zinashuka."