Koti la Injini ya Gari la Nyama

Fundi Pindo alikuwa na sharti moja katika kazi yake: pindo halikatwi. Kwa miaka thelathini na minane alishona sare za shule, na ndani ya kila sare alikunja kitambaa cha ziada, vidole vitatu chini ya sketi, vidole viwili kwenye mkono wa shati, ili mtoto akirefuka pindo lifumuliwe na nguo ishuke naye. Ndiyo maana mtaa mzima ulisoma ukiwa umezama ndani ya mashati. Mzazi akilalamika kwamba mikono ya mwanawe haionekani, Fundi alimjibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani, "Mrudishe baada ya miaka miwili." Jina alilopewa na mamake lilishasahauliwa, likabaki hilo la Pindo.

Mtu huyuhuyu, ambaye kilima kidogo tu humshusha kwenye baiskeli, alikuwa amejenga ndege. Tusimcheke mapema. Ndege ndogo ni mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa, na kuvika ndiyo kazi yake. Aliijenga uani miaka tisa, bawa moja likiwa limeingia sebuleni kwa dirisha, na mkewe, muuguzi wa kliniki ya watoto, alikwisha zoea kuanika taulo juu yake. Kisha ndege ikahamia kwenye kiwanja cha nyasi nje ya mji, na huko injini ya pikipiki aliyoifunga ikaizungusha miaka minne bila kuiinua hata shibiri moja. Watu walileta watoto wao kuitazama ndege inayotembea. Leseni ya urubani alikuwa nayo, aliipata kwa ndege ya watu, mwalimu akiwa pembeni. Ndege yake mwenyewe haikuwahi kuiacha ardhi.

Mwaka huo daktari wa macho alimchungulia jicho la kushoto, akaguna. "Mzee, ukungu umeingia. Cheti chako cha afya cha urubani kinakwisha mwisho wa mwezi, na kingine sitakupa." Fundi alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akalia. Hakutaka makubwa. Alitaka kuiinua mara moja tu, kwa mikono yake, basi.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, kaka wa muuguzi, mwenye bucha. Mtaani aliitwa Kilo Kamili, kwa kuwa ndivyo alivyoandika juu ya mlango wa bucha kwa rangi nyekundu. Gari lake la kusambazia nyama lilikuwa limegongwa nyuma likakunjamana, ila mbele lilikuwa zima.

"Chukua injini, shemeji," alisema. "Bure. Na usinishukuru, utaniudhi."

Injini ya gari la nyama ilikuwa na nguvu mara tatu ya ile ya pikipiki, na mwili vilevile. Fremu ya kuishikia ilichomelewa upya, betri ikahamishiwa mkiani ili kuleta usawa, lakini pua ya zamani ilikataa katakata kufunga. Ilitakiwa pua mpya, kifuniko cha kuivika injini pamoja na rejeta yake. Wenye ndege wana jina lao la kitu hicho. Fundi alikiita koti.

Akavua utepe shingoni akaipima injini: kifua, kiuno, nyonga. Vipimo akaviandika kwenye daftari la wateja, kati ya mwalimu mkuu na bibi harusi mmoja. Akakata ramani ya karatasi, akashona koti la majaribio kwa kaki ya sare, akaivalisha injini na kuizunguka akibana pini. Mkewe alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Baba watoto, mbona kiunoni limepwaya?"

"Nimeacha nafasi. Ikinenepa je?"

"Injini inanenepa?"

"Kila siku inakunywa mafuta. Wewe unaona itakonda?"

Kaki ilipompendeza aliitandaza juu ya kinyago cha udongo chenye umbo la injini, akaipaka gundi na kuilaza faiba juu yake, tabaka tano, hadi koti likawa gumu. Na kwenye kingo zake zote, mkono ukafanya ulichozoea: ukakunja faiba kwa ndani, vidole vitatu kuzunguka. Pindo la faiba, ambalo likishakauka halifumuliki hadi kiama! Akalibeba hadi kliniki, na wakati mkewe yumo ndani anachoma watoto sindano, akalining'iniza kwenye mzani wa vichanga. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakamsifia mtoto wake. Alikuwa na kilo kumi na moja.

Mkaguzi wa ndege alikuja siku mbili kabla ya cheti kwisha. Alikuwa mtu mkavu mwenye kalamu mbili mfukoni, nyeusi ya kukubali na nyekundu ya kukataa. Sheria yake ilitaka kila gurudumu likae juu ya mzani wake. Mizani miwili ya magurudumu ya nyuma iliazimwa kwenye mashine ya kusaga. Kwa gurudumu la mbele, Kilo Kamili alijitolea mzani wake mwenyewe, ule wa kupimia mapaja ya ng'ombe. Alifunga bucha, akauleta kwa mkokoteni, na nyuma yake wakaja wateja wake karibu wote, wamevaa vizuri.

"Gurudumu la mbele lisizidi kilo themanini, wala lisipungue sabini na nane," mkaguzi alitangaza. "Pua ikizidi uzito, ndege haiinuki. Ikipungua, inainuka vizuri sana, kisha inaanguka kinyumenyume, na huyu mzee tutamkusanya kwa vikapu."

Watu wakacheka, na Kilo Kamili akacheka kuwazidi wote. Mzani wake ukasoma themanini na tatu.

Kalamu nyekundu ikatoka. Fundi akaomba koti livuliwe lipimwe peke yake, labda ndilo lenye makosa. Likavuliwa, likawekwa juu ya mzani wa bucha, na mshale ukaenda ukasimama kwenye kumi na nne.

Kule kliniki lilikuwa na kilo kumi na moja. Kumi na nne? Akainama kuutazama mzani vizuri. Namba za mwanzo, tangu sifuri hadi tano, zilikuwa zimefutika siku nyingi kwa damu na sabuni, hata usingeweza kujua mshale unalala wapi ukiwa hauna kitu. Akamtazama shemeji yake. Kilo Kamili alikuwa akiyatazama mawingu kwa bidii, na siku hiyo hapakuwa na mawingu.

Sasa afanyeje? Watu wale walikuwa wamenunua nyama kwa mzani ule miaka ishirini, ya harusi zao na ya misiba yao. Kusema ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Na injini ni ya nani? Wangesema fadhila ya punda ni mateke, na wangesema kweli. Kunyamaza nako ni kufa hajaruka. Fundi alisimama pale akimchukia shemeji yake na kumhurumia kwa pamoja, kisha akauliza kama kuna mtu ana msumeno wa chuma.

"Nikilipunguza kilo tatu?" alimwuliza mkaguzi.

"Sheria haikatazi."

Akapiga goti, akaanza kukata pindo. Mkewe alishika mdomo. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuliona jambo hilo. Mwalimu mkuu, aliyevaa kaptura za Fundi tangu darasa la kwanza, alivua kofia. Kazi ilichukua saa nzima, vumbi la faiba likimwasha shingo na macho, na vipande vikirundikana kwenye nyasi. Koti likarudishwa. Mzani ukasoma themanini kamili. Mkaguzi akaandika kwa kalamu nyeusi, akalifunga koti kwa waya na kulipiga lakiri ili mtu asiliguse tena.

Katika umati ule ni watu wawili tu waliojua kwamba gurudumu lile, kwa haki ya Mungu, lilikuwa na sabini na saba.

Fundi akapanda. Akajifunga mkanda, akawasha. Injini ikanguruma, ikatikisika huku na huku ndani ya koti bila kuligusa, maana kiunoni kulikuwa na nafasi. Akamtazama shemeji yake mara moja, kisha akatazama mbele. Liwalo na liwe. Ndege ikaanza kutembea.

"Zima!" Kilo Kamili alikuwa amechomoka mbio na tumbo lake lote, akasimama mbele ya pangaboi, mikono ameitanua. "Zima, shemeji! Utakufa!"

Pangaboi likasimama. Kilo Kamili alihema, akawageukia wateja wake.

"Mzani wangu unazidisha kilo tatu," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

 Akaupindua mzani mwenyewe, akabandua chini yake kipande cha risasi kilichokuwa cheusi kwa mafuta, akasimama nacho mkononi. Mwalimu mkuu akaanza kuhesabu harusi za nduguze kwa vidole, na wengine wakamfuata.

Mkaguzi hakuwa mla nyama. "Hiyo risasi ina kilo tatu kamili?" aliuliza.

"Kamili."

"Basi ifungeni puani."

Lakiri ikakatwa, risasi ikakazwa ndani ya koti kwa boliti mbili, na mzani, ambao sasa haukuwa na cha kuficha, ukasoma themanini. Kalamu nyeusi ikaandika tena.

Na ndege ikaruka. Nyasi zilikimbia, zikakimbia, kisha mtikisiko wote ukakoma na Fundi akajua kwamba magurudumu hayana tena kitu chini yake. Alipiga kelele. Jicho la kushoto liliona ukungu, la kulia likaona kiwanja, kidogo, kama kipande cha kaki mezani. "Nina furaha," alisema kwa sauti, na kwa kuwa hakujisikia kwa makelele ya injini, alirudia. Alikaa juu dakika kumi na moja.

Alipotua, wateja walikuwa wamemzingira Kilo Kamili, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Yeye akawapenya, akaja akashika ubavu wa ndege.

"Shemeji, ulijua?"

"Nilijua koti liliposoma kumi na nne."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Na nisingesema?"

Fundi alivua miwani akaifuta. 

"Ningeruka tu, shemeji."

Kilo Kamili alikaa kwenye nyasi akaangua kilio mbele ya wateja wake, nao wakarudi nyuma hatua moja. Muuguzi alikuwa amekuja na chupa ya maji, na alikuwa amesikia yote.  Aliweka chupa chini, akaingiza mkono ndani ya ndege, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.